Jino la Pembe

Jino la pembe si dawa ya pengo:
methali hii haijawahi kufika Sopron,
mji wa mpakani ambako kila mtaa
una jino kubwa la plastiki juu ya mlango,
na Waaustria hushuka treni asubuhi
wamejiziba midomo kwa skafu
kama watu waendao kukopa.

Roswitha Zehetner, nambari kumi na saba.
Miaka thelathini na minane alishona mavazi
ya jumba la opera kule Graz:
magauni ya malkia watakaokufa kabla ya saa nne usiku,
makoti ya majenerali wasiojua bunduki.
Mkasi ulikuwapo mezani, lakini uzi
aliukata kwa jino.
Jino lile lile, la juu, mbele, kushoto.
Likachimbika kijifereji,
chembamba kama tundu la sindano,
halafu ufa, halafu
usiku mmoja wa Februari, ganda la mkate.

Tangu hapo ana jino la kuvua na kuvaa.
Kila likilegea, herufi *s* hupiga mluzi.
Usiku hulitia kwenye bilauri ya divai
iliyokuwa ya marehemu Alfons,
na bilauri humchekea hadi alfajiri.

Daktari Ildikó Szalontai anaonyesha picha ya taya.
"Mfupa umepungua hapa, kama sabuni bafuni.
Bado unatosha. Tutatoboa,
tutapanda skrubu ya titani,
tutangoja miezi minne, mitano, mfupa uikubali.
Ndipo jino."
"Na usipoikubali?"
"Itatoka. Si wengi wanaopatwa na hilo,
lakini hao wachache nao wana majina."

Roswitha akampenda kwa jibu hilo.
Akataka kusaini.
Kisha, kama mtu akumbukaye jiko aliloliacha linawaka:
"Kuna kidonge cha mifupa.
Kila Jumatatu. Mwaka wa sita sasa."

Kalamu ya daktari ikalala mezani.
"Hilo ungeliandika kwenye fomu."
"Fomu iliuliza magonjwa. Mimi siumwi.
Nakimeza nisije nikaumwa."
Basi akaelezwa, taratibu, kwa Kijerumani cha kuazima:
dawa inayoilinda nyonga
mara chache huifanya taya iliyotobolewa igome kupona,
ikabaki wazi, ikatoa usaha.
Mara chache.
"Kamuulize daktari wako. Uje na barua yake.
Usikiache kidonge kwa akili yako mwenyewe."

Treni ya kurudi.
Anapima, fundi haachi kupima.
Kiganja hiki: tufaha lililong'atwa, si lililokatwa vipande;
kucheka bila mkono kupanda mdomoni;
meno jirani yasiyochongwa ili kubeba daraja;
mfupa ulio na kazi tena, usionyauka.
Kiganja kile: joto la nyumba, kipupwe viwili, kwa fedha hiyo;
taya;
miaka sabini na mmoja,
na skrubu itakayolala kaburini iking'aa
wakati yeye amekwisha kuwa udongo.
(Hili la mwisho halikumtisha. Lilimchekesha,
na mkono ukapanda.)

Baada ya Mattersburg, mtoto wa kiti cha mbele
ananing'iniza kifungo cha koti.
Roswitha ana sindano, sindano haimkosi.
Anashona: mara nne, fundo, anainama,
uzi unafika mdomoni kabla ya akili.
Jino bandia linacheza. Uzi haukatiki.
Mama wa mtoto anatazama dirishani kwa adabu.

Jino la pembe si dawa ya pengo, haya.
Lakini aliyeitunga hakutuambia
pengo nalo ni dawa ya nini.

Anageuza kichwa, anaukata uzi kwa gego.
Halafu nyuma ya tiketi anaandika
jina la kidonge, herufi kubwa,
na chini yake, ndogo, karibu kama aibu:
*tufaha.*